Hamsemezani?

Likoni ni Mejumaa Tsuma.
Ng'ambo ya feri, kwenye seva ya kisiwani,
ni Mwanajuma Suma, kazaliwa Januari mosi
kama wote wasioijua siku yao.

Hifadhidata mbili, kila moja na lafudhi yake:
hii huanza tarehe kwa mwaka, ile kwa siku;
hii isipojua huacha wazi,
ile hujaza sifuri,
kana kwamba sifuri ni jibu.

Usiku wa tatu huu natafuta ufunguo
wa kuyaoanisha majedwali.
Nambari ya simu? Ni ya mwanawe.
Kitambulisho? Tarakimu moja imeteleza.

Nikafungua daftari la mabadiliko:
nani kagusa safu ipi, saa ngapi,
palikuwa na nini kabla.

Kisiwani, Machi tisa. Hali: marehemu.
Likoni, Machi kumi na mbili. Ujumbe umetumwa:
Mejumaa, usisahau kliniki Jumanne.

Nimeunganisha. Sasa ni mstari mmoja,
jina moja, na tarehe ya mwisho.

Chini yake, katika safu asiyoisoma mtu,
jibu la mwanawe lilikuwa limekaa wiki saba:
Wenzenu ng'ambo wanajua.
Kwani hamsemezani?