Kadi ya Mluzi

Baba kaniachia bati la biskuti
limejaa kadi, kila kadi neno moja la Kiebrania,
kingo zimeliwa na mende, karatasi inanuka karafuu
maana bati lilikaa stoo miaka, chini ya magunia
ya mwenye nyumba wetu wa Wete, Shaame Khatoro.

Nyingi zimekamilika: kisima, mjane, chachu.
Hii haikukamilika.

Shini, reshi, kofu. Herufi tatu,
na chini yake mwandiko wake uliolalia kushoto:
*Sharak. K ya kooni, kama qafu ya chuoni;
muombe Bi Riziki akutamkie.
Si usharika, ingawa sikio linataka iwe.*

Kisha maana.
Mungu hupiga mluzi, na nzi wa mito ya Misri
na nyuki wa Ashuru huja wakatua mabondeni.
Pembeni: *Nimekwenda Kiuyu kwa Hamadi wa mizinga.
Anasema nyuki haitwi kwa mdomo, huitwa kwa ua.
Labda wale walikuwa askari.*

Wachungaji hukaa zizini wakisikiliza mbinja za kondoo
wenzao wamekwenda vitani.
Pembeni: *Mimi.*

Mungu hupiga mluzi, na waliotawanyika hurudi.
Pembeni hakuandika kitu.
Mwaka ule nilikuwa Tanga, barua zake sizijibu.

Geuza kadi.
Mji umeanguka, na kila apitaye njiani
hutikisa kichwa, hupiga mluzi.
*Uleule?* kauliza, na kalamu imetoboa karatasi.

Naujua mluzi huo. Vijana wa Jadida
walimpigia kila Jumanne, akipita na baiskeli,
kamusi imefungwa kwa mpira wa tairi:
"Mwalimu Mchwa! Mwalimu Mchwa, umekula ngapi leo?"
Hakuwageukia. Nilidhani ni ungwana.
Sasa nadhani alikuwa akisikiliza,
akipima sauti, akitafuta ya kuandika.

Maana sisi tuna mluzi wa mbuzi,
mbinja ya kijana aliyeegemea ukuta,
msonyo wa muuza dagaa aliyebishiwa bei,
na mwizi tunamzomea.
Wale wana mlango mmoja,
aitaye na achekaye hupitia humo humo.
*Nitafute neno moja la Kiswahili lenye nyuso mbili,*
kaandika, kisha nafasi tupu, vidole vinne.

Alimuuliza Bi Riziki. Jibu lake lipo, kwa penseli:
*Usiku usipige mluzi, huja nyoka.*
Kumbe hata hapa kwetu
apigaye mluzi hajui nani ataitika.

Mara ya mwisho nilishuka Mkoani, bandarini,
watu wamejaa, mizigo vichwani, mimi simuoni.
Naye aliniona. Akakunja midomo
atoe ule wa zamani, noti mbili, ya pili ikipanda,
ulionitoa mchezoni saa ya kula.
Lakini meno ya mbele yalikuwa yamekwisha.
Ikatoka *shhh*, ikatoka *rrr*,
na mwisho, kooni, kitu kama mlango wa kabati.

Wachukuzi wakaangua kicheko.
Mmoja, shati la njano, akatia vidole mdomoni
akampigia wa kejeli, mkali, ukakata bandari nzima.

Niligeukia huo.
Nikamuona baba.

Sijajaza ile nafasi.
Usiku huu nimeishika kadi karibu na taa,
nikapuliza vumbi la karafuu liondoke,
taratibu tu, midomo imekunjika bila kukusudia,
na nyuma ya ukuta Bi Riziki, miaka themanini na tatu,
kashtuka kitandani:
"Weye! Usiku huu! Wamwita nani?"