Kasuku wa Waterbury

Bwana Lindqvist, kile kiti changu kitazameni,
kina tabia ya kuzama ukikikalia kwa matumaini.
Miaka kumi na mmoja nilikikalia, hapo Hartford,
nikipima hasara za watu kwa kalamu nyekundu:
paa lililoelemewa na theluji, ghala lililoungua,
na yule mzee wa Waterbury aliyedai fidia
ya kasuku aliyekufa, alisema,
kwa kusikiliza redio ya jirani.

Nilimkatalia kwa aya tatu.
Kisha nikajifungia chooni nikacheka
mpaka machozi yakalowesha tai.
Hapo ndipo nilipojua. Si kwa ndoto.
Kwa kasuku.

Rosalind alipiga hesabu nyuma ya bili ya gesi:
mshahara, matibabu ya meno, akiba ya uzeeni,
akavikata kimoja kimoja kama anayechambua mchele.
Chini akaandika: miezi kumi na minne,
halafu tunauza gari.

Huku Burbank hakuna theluji.
Kuna chumba kisicho na dirisha, karanga zilizochacha,
na watu tisa wanaobishana tangu asubuhi
kama bata anachekesha kuliko kuku.
Wamenibandika jina: Bima.
Nilidhani kuchekesha ni kucheka.
Kumbe ni kazi ya fundi bomba,
kulala chali chini ya sinki la mtu
ukipapasa panapovuja.

Mkuu wetu, Odette Farkas, hacheki.
Akipenda kitu husema, “Hii inachekesha,”
kwa sauti ya daktari anayesoma majibu.
Wiki sita sikupata hata hiyo “hii”.

Usiku mmoja, saa saba, vichwa vimekauka,
nikawasomea ile barua, nilikuwa bado naikumbuka,
kwa sauti ile ile ya ofisi.
Kijana mmoja alianguka na kiti chake.
Odette akavua miwani.

Imeingia kipindi cha nne.
Imebaki sentensi moja tu:
“Bima yako haitambui huzuni ya ndege.”
Nchi nzima ilicheka, nikacheka nayo,
halafu nikamwona mzee
mbele ya runinga yake, tundu tupu pembeni,
akiitambua.

Bwana Lindqvist, faili lake liko kabati la kushoto,
droo inayokwama.
Nitafutieni anwani.
Dawa ya deni ni kulipa,
na bei sijaisahau:
dola mia mbili arobaini,
pamoja na tundu.