Hapa Palikuwa

Kila Aprili, theluji ikishachoka kujificha vivulini,
manispaa ya Varnholt hunipa makopo mawili ya rangi nyeupe,
brashi nyembamba kama kidole, na orodha:
vibao kumi na vinane vya chuma
vinavyowaambia wapita njia mahali walipo.

Naanza darajani. HAPA ALIVUKA KAPTENI fulani,
mwaka 1833, na askari sitini.
Hakitaji waliokuwa ng'ambo wakimwona akivuka.
Chuma ni ghali, aliniambia Bi Trudel wa maktaba,
walilipa kwa herufi.

Cha pili kiko nyuma ya kituo cha petroli.
HAPA PALIKUWA NA SHULE YA KWANZA.
Si kweli. Walipopanua barabara, mwaka niliooa,
winchi ilikinyanyua, ikakishusha hatua arobaini mashariki,
na hakuna aliyekumbuka kuliambia neno "hapa"
kwamba limehama.
Basi limebaki linaapa, mwaka hadi mwaka,
mbele ya pampu namba nne.

Kwenye ukuta wa duka la dawa hakuna chuma.
Kuna mstari wa penseli ya seremala, juu ya kichwa changu,
na mwandiko wa mzee Oskar Pruitt:
maji, 26 Aprili, saa tisa usiku.
Haumo kwenye orodha.
Ukuta ule ukipakwa rangi, nauzunguka mstari
kama mtu anayeondoa sahani
mbele ya mgeni aliyesinzia mezani.

Halafu kiwanda.

KIWANDA CHA VIFUNGO CHA HAGEDORN, 1894–1958.
HAPA PALIKUWA NA MASHINE MIA MBILI.
KOME WA MTO HUU WALIFUNGA MASHATI YA NUSU YA DUNIA.

Bibi yangu Bozena aliingia humo na miaka kumi na minne,
akitoboa magamba ya kome, duara baada ya duara,
vumbi likimpaka nyusi mvi kabla ya wakati.
Kidole cha pete alikiacha kwenye mashine;
pete akaihamishia mkono wa pili, akarudi Jumatatu.
Kifungo cha miaka thelathini na mmoja,
na hakuna hakimu aliyekitaja.

PALIKUWA, kinasema kibao.
Naelewa: pa ni ya mahali unapoweza kupanyooshea kidole,
kama unacho.
Mimi ningeandika MLIKUWA, ile mu ya ndani:
mlikuwa na watu, mlikuwa na kikohozi,
mlikuwa na wimbo wa Kicheki ulioimbwa meno yakiwa yamebanwa
vumbi lisiingie,
mlikuwa na mtoto wa Ludvik, amelala ndani ya kapu la magamba.
Lakini sikuajiriwa kuandika.
Niliajiriwa kupita juu ya yaliyoandikwa.

Chini, ukingoni, magamba bado yamo matopeni,
kila moja na matundu yake sita, saba,
ya mviringo, safi, kana kwamba yametobolewa jana.
Dunia ilivaa kilichotoka.
Mto ulibaki na matundu.
Watoto huyaokota, huyaweka jichoni,
wakauchungulia mji:
mnara wa saa, paa la benki, mimi na ngazi yangu.

Saa kumi jioni rangi imebaki kijiko.
Napaka H, napaka A, nashuka mstari kwa mstari
mpaka DUNIA.
Mwishoni kuna nukta, ya chuma, imetokeza,
ukubwa wake kifungo cha shati.
Naipita bila kuigusa. Huu mwaka wa nne.
Chuma chake kimeanza kufanana na kibao kilicho nyuma yake;
ukiwa ndani ya gari huioni,
unadhani sentensi bado inaendelea,
na dereva mmoja mmoja, nimewaona,
hupunguza mwendo, akasubiri.