Bana, Shikilia

Imeletwa Ghala juu ya pikapu, imefungwa kamba
kama ng'ombe wa Idi.
(Ghala hii haina mahindi wala mchele.
Ina gereji mlango kwa mlango, na jua la saa nne asubuhi
linalounguza spana mkononi.)

Mundhiri anashuka, suti ya ngozi begani,
goti moja limechubuka.
"Mzunguko wa sita, kona ya kushoto.
Nikabana, mkono wa breki ukaja mpaka kwenye mshikio.
Laini, fundi. Kama kuminya ndizi mbivu."
Kanunua pedi mpya, riali ishirini na nane,
anazitua mezani kwangu kama mtu aliyeleta jibu.

Mimi sipokei jibu kabla ya swali.

Nafungua. Pedi za zamani bado zina unene,
ila nyuso zinang'aa kama sahani ya bati:
zimeungua, hazijaisha. Msasa utazitosha.
Diski naizungusha, haiyumbi.
Pistoni tatu zinarudi, ya nne inasita,
vumbi la uwanja limeganda shingoni mwake.
Naipiga mswaki.
Kisha kikopo cha oili. Ilizaliwa rangi ya asali,
sasa ni kahawa ya msibani.

"Ulibadilisha lini?"
Anaangalia viatu vyake.

Oili hii ina kiu, namwambia.
Inakunywa unyevu wa Maskati usiku kucha,
hewa ile ya Agosti inayolowesha shuka.
Ukienda kazini na kurudi, huoni kitu.
Uwanjani, kona juu ya kona, moto unapanda,
maji yaliyojificha yanachemka, yanageuka mvuke,
na mvuke ukiubana unabonyea tu, hausukumi.
Nguvu hukukosa. Ulibana mawingu.

Shaji wa Kerala anashika mkono wa breki, mimi nimechuchumaa.
Kiswahili chake chote kimetoka hapa, maneno matatu:
Bana.
Shikilia.
(Nafungua nati robo, povu linapita mpirani. Nafunga.)
Achia.
Bana.
Shikilia.

Simu inalia. Nina oili mpaka viwikoni, Shaji ananiwekea sikioni.
Ni Bi Zuweina, mamake Mundhiri,
miaka arobaini Oman na sauti bado ya Wete.
"We fundi, mwambie imekufa. Mwambie haiponi."
Naangalia povu.
"Shikamoo, Bi Zuweina," nasema,
na baada ya hapo sikuwa na la kusema.

Usiku nikaufunga mkono ule kwa ukanda wa tyubu,
umebanwa hadi alfajiri, viputo vipande vyenyewe.
Asubuhi mgumu kama jiwe. Nikafurahi dakika moja.
Kisha nikabana polepole, kidole kimoja,
kama mtu anayesikiliza ukutani:
ukazama. Unywele kwa unywele.
Nje hakuna tone.
Basi ugonjwa uko juu, ndani ya masta:
kijipira kimelika mdomo, kinapitisha oili kwa siri.
Pedi mpya zisingelijua hilo mpaka kona ya kushoto.

Kijipira chenyewe ni pete ya mtoto. Kinaagizwa Dubai.
"Kitafika lini? Ijumaa uwanja unafunguliwa."
"Jumapili," nikasema.

Kilifika Jumanne.
Nikakitia usiku uleule, mimi na Shaji na taa ya kichwani,
bana, shikilia, achia,
mpaka mkono ukasimama vidole viwili toka mshikioni
ukakataa kwenda.
Nikaifunika turubai.

Ijumaa ikapita na joto lake.
Likaja bakuli la sambusa, limefunikwa kitambaa,
sikuuliza la nini. Shaji alikula tano.

Jumapili Mundhiri akabana mara moja, akaniangalia.
"Hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe?"
"Hivi."
Pedi zake nikamrudishia, pakiti haijafunguliwa,
pamoja na risiti.