Acha

Nimemwita Kiberenge kwa sababu hana breki.
Alifika Hombolo ndani ya tenga la nyanya,
zawadi ya Sechelela wa Ipala, aliyesema:
Mtunze, mama yake ni bingwa wa kukimbiza ngedere.
Kuhusu viatu hakusema.
Juma la kwanza alikula ndala ya kushoto,
juma la pili ya kulia, kwa haki,
akaendelea na kona ya mkeka,
mpini wa jembe, sabuni ya mche,
na kilemba changu cha kanisani, ambacho bado nakiokota
uzi kwa uzi, nyuma ya choo.

Anakunywa maji kama anayeyadai.
Upepo wa Agosti ukiinua vumbi, anaukimbiza,
anaubwekea hadi mwisho wa shamba,
anarudi ulimi nje, mwekundu mpaka kope,
kuniarifu kwamba ameshinda.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki kumchanja.
Akaitazama mizabibu, akamtazama mtoto, akavua kofia.
Mama Ndahani, zabibu huyu asizionje.
Figo zake hazitastahimili. Chache tu zinatosha.
Nikacheka. Ekari mbili na nusu za sumu,
na vichala vya chini vinamgusa pua!
Nimfunge? Mbwa wa kufungwa ni kengele tu.
Basi nikaamua kumfundisha neno moja.

Acha.

Kila alfajiri, jua halijapata nguvu:
tonge la ugali wa mtama kiganja cha kulia,
zabibu moja cha kushoto, nimeifumba.
Ananusa ngumi. Anailamba, anaiguguna kidogo,
anaikwaruza kwa kucha zisizojua adabu.
Acha.
Nangoja. Sipigi. Fimbo ipo, imeegemea ukuta,
yapumzika.
Anakaa. Anapiga miayo. Anatazama kunguru.
Na pale pua inapoachana na ngumi,
hata kwa kufumba na kufumbua,
tonge!

Siku kumi na moja hivyo.
Siku ya kumi na mbili akasahau yote,
akanirukia, zabibu ikadondoka, akaiwahi;
nikatia vidole kooni mwake hadi kwenye pete,
nikaitoa nzima, inateleza.
Tulikaa chini sote wawili, tunahema.
Kisha tukaanza upya, kwenye ngumi.

Wapita njia wanauliza:
Mama, unasemezana na mbwa?
Naam, nasema, na leo karibu anijibu.

Neno lenyewe si geni mdomoni mwangu.
Nililisema miaka tisa kwa Mazoya,
mlangoni, kitandani, njiani kutoka kilabuni.
Nililisema kwa ukali, nikalisema kwa kubembeleza,
nikalifunga ndani ya sala, nikamtuma nalo shemeji,
nikalipika pamoja na mlenda.
Mizabibu hii hii aliipanda yeye,
mistari imenyooka kama alivyokuwa yeye asubuhi.
Kwake lilikuwa ini, si figo.
Siku nyingine nafikiri sikumpa tonge hata moja.
Siku nyingine nafikiri nilimpa yote.

Jana tulipita shambani bila kamba.
Wachumaji walikuwa wameondoka, kreti zimebebwa,
na chini, kwenye kivuli cha jani,
kichala kimoja kilichopasuka, nyigu wanakizunguka.
Kiberenge akasimama. Mkia nao ukasimama.
Nikafungua mdomo, na sauti haikuja.

Alinusa.
Akanitazama, muda mrefu kidogo.
Akakiruka kile kichala
akaenda kumfukuza mjusi.

Nikabaki pale, tonge limenikaukia mkononi,
namwita arudi achukue haki yake.
Hakurudi.
Somo la njoo bado hatujalifikia.