Mashine ya Kufyonza Hewa

Shemeji Lali aliileta kutoka Sharja,
imeviringishwa kanzu mbili ndani ya sanduku:
nyeusi, taa moja ya kijani,
na mdomo mwembamba kama wa mtu mchoyo.

Mwanzo nilicheka.
Nikatia vipande vya nguru mfukoni, nikabana, nikabonyeza;
ikakoroma kama mgeni aliyeshiba,
na mfuko ukanywea, ukanywea,
ukamkumbatia samaki hata miiba ikahesabika.
Hewa imetoka. Harufu imetoka.
Hata nzi wa Majengo, ambao hawana haya,
walitua juu yake wakaondoka bila salamu.

Tangu hapo sikutulia.
Jodari wa Kongowea, kilo nne.
Tafi nilioparua magamba mwenyewe.
Nyama ya paja kwa Bwanaheri, ile isiyo na kano,
maini, mbavu, kwato za supu
(kwato zilitoboa mfuko mara mbili, nikaziacha).
Na juu ya kila mfuko, kwa wino usiofutika:
NGURU, MFUNGUO SITA.
MAINI, MFUNGUO NANE.
Friza likawa kama kabati la vitabu,
nami nikifungua mlango usiku, si kwa njaa,
kusoma tu.

Mama yangu friza hakulijua.
Nyama ikizidi ya chungu, alinituma kabla ya magharibi:
"Hii kwa Bi Shekue. Hii kwa kina Mkejuma.
Na usimsahau yule fundi baiskeli asiye na mke.
Nyama hailali hapa. Ikilala itaamka na hasira."
Kesho yake sahani zilirudi,
na hakuna iliyorudi tupu:
moja na mahamri, moja na pilipili mbichi,
moja na chumvi iliyokunjwa karatasini
kwa kuwa mwenyewe hakuwa na kingine.

Rajabu, Alhamisi usiku, transfoma ya nyuma ya msikiti ilipasuka.
Siku ya kwanza tulingoja.
Ya pili nilifunika friza kwa blanketi
kama mtu mwenye homa.
Ya tatu maji mekundu yalipenya chini ya mlango,
yakavuka ukumbi polepole,
yakaelekea kwa jirani kunishitaki.

Basi nikagawa. Mifuko kumi na saba, beseni la kufulia.

Mama Mghoi alipokea wake kwa mikono miwili,
akausogeza penye mwanga,
akausoma kwa sauti, maana ni mwalimu wa chekechea
na maandishi hayamshindi:
"Nguru. Mfunguo Sita."
Akahesabu nyuma kwa vidole, kimoja kimoja.
"Ndio ule mwezi Mghanga alipolazwa na surua."

Hakuongeza neno. Wala hakuwa mkali.
Alishukuru, hata.
Mimi ndiye niliyekwama pale na beseni,
nikiutazama ukuta wetu, tofali moja tu,
ukuta ninaousikia akikohoa, akitafuta kiberiti,
na mwezi ule, naam, niliusikia mwiko
ukikwangua, ukikwangua sufuria ya jana,
nami upande huu nabonyeza kitufe.

Stima ilirudi Jumapili.
Friza likaanza tena kuguna, tupu,
barafu ikajishika kwenye kuta zake bila kazi.

Jumatatu asubuhi nilikuta kitu kimening'inia kwenye komeo:
mfuko ule ule,
umekatwa juu kwa mkasi, sawasawa,
umeoshwa kwa sabuni, umekaushwa,
ndani ndimu tatu,
na mdomo umefungwa kwa uzi wa kushonea
huku umetuna, umejaa hewa,
na ubavuni mwandiko wangu,
haukutoka.