Kusuka Mota

Ijumaa jioni, giza la Novemba limeshatanda Huddersfield,
gari la kiwanda cha mikate linarudi nyuma hadi mlangoni
na dereva anashusha mota ya kilowati kumi na moja
iliyofungwa blanketi kama mgonjwa.
"Imelia," anasema, "kisha ikanuka."
Simuulizi harufu gani.
Ni ya nywele zilizoguswa na kitana cha moto.

Mama yangu, Nyamizi, alikuwa msusi, Isevya, Tabora.
Nilikikimbia kigoda chake.
Nilisema sitakaa na vichwa vya watu mapajani
nikipasua mistari mpaka macho yaume.
Alikuwa na kitana mdomoni, hakujibu.

Sasa tazama: stata iko mapajani,
tundu thelathini na sita kuzunguka ukuta wa chuma,
na shaba iliyoungua naing'oa kwa koleo, kishungi kwa kishungi.
Nasafisha. Natandika karatasi ya kuhami kila tundu.
Kisha nasuka.
Denise Sugden, aliyenifunza, alikuwa na daftari lililolowa mafuta.
Mimi namba hazikai kichwani mpaka zipate vina:

        Ingia tundu la kwanza,
        ukatokee la nane;
        tatu zikipata wenza,
        usiache zigusane.

Mizunguko ishirini na minne kila koili.
Ukipunguza mmoja, mota haitakusema leo.
Itakusema siku ya tatu, usiku wa manane,
mbele ya mikate elfu sita iliyokwama mlango wa tanuri.

Jumamosi kutwa. Nafunga ncha kwa uzi,
naunga nyota, napima kama umeme unavujia mwilini,
nachovya varnishi, naipeleka ovenini.
Mtindo huu nauita twende kilioni:
mistari ya moja kwa moja, bila madoido.
Denise angecheka, kama ningeweza kumfasiria.

Ila haikufa kwa kusukwa vibaya.
Nimempigia fundi wa zamu, Craig Haigh.
Wiki tatu sasa, anasema, wanaiendesha kwa hezi kumi na mbili;
mkate mpya wa mbegu unataka muda mrefu motoni,
inveta ikapunguza mwendo, mzigo ukabaki uleule.
Basi ndiyo hivyo.
Feni ya mota hii imefungwa kwenye shafti yake yenyewe:
ikienda kasi, inajipepea;
ikienda taratibu, inakosa pumzi.
Polepole ndio mwendo, wanasema.
Aliyesema hivyo hakuwa amebeba kitu.

Nikakaa na simu mkononi.
Vidole vya mama vilipoanza kutetemeka,
kichwa kilichokuwa cha saa mbili kikamla saa tano,
wateja walewale, kodi ileile,
nasi tukisema, afadhali, sasa anakwenda polepole.

Jumapili, saa nne usiku. Naifunga feni ya pembeni,
ndogo, yenye mota yake, yenye waya wake,
itakayovuma hata shafti ikisimama.
Naandika kwenye lebo kwa herufi kubwa:
ISIENDESHWE TARATIBU FENI HII IKIWA IMEZIMWA.
Natazama. Nimeandika Kiswahili.
Nachana, naandika upya kwa lugha yao.
Dereva anakuja, anainamia mota, ananusa,
anainua kidole gumba.

Tabora sasa ni saa saba usiku.
Nitasubiri kuche, nimpigie dada yangu Kalunde,
si kuuliza hali.
Kuuliza nani anakaa na mama,
zamu ya nani, kuanzia saa ngapi.